Picha ya sebuleni: uagize, uchorewe ukutani, au ununue iliyo tayari?

Ukuta wa sebule uko mtupu tangu mhamie, kila mgeni akikaa macho yanaenda palepale, na wewe ushaapa hutaki tena zile picha za kuchapishwa za maporomoko ya maji ambazo ziko kwa kila kinyozi. Unataka kitu kilichochorwa na mkono wa mtu. Sasa ukianza kuuliza ndio unakwama, maana njia ni tatu na kila unayemuuliza anaipigia debe ile aliyoifuata yeye.

Njia zenyewe: moja unampa mchoraji kazi, akuchoree kwenye kanvasi kitu chako, saizi yako. Mbili mchoraji anakuja nyumbani na ndoo zake anachora ukutani kwenyewe. Tatu unaenda kutafuta picha ambayo ishachorwa, unalipa, unabeba unaenda zako. Mie zote nimezipitia, mbili kwa pesa zangu na moja kwa pesa za dadangu, na wallahi hakuna hata moja ambayo sikujuta kidogo na hakuna hata moja ambayo ningeikataa kabisa.

Tupime kwa mambo haya: ukuta wako na hewa yetu ya bahari hapa Mombasa, una usemi kiasi gani juu ya kitakachotokea, muda, pesa na vile inavyotoka mfukoni, siku ya kuhama, halafu hilo swali ambalo watu hawaliulizi mpaka wagombane, picha ni mali ya nani. Ladha sijaiweka. Kama wapenda twiga wa zambarau hiyo ni shauri yako.

Ukuta na hewa ya bahari

Naanza hapa na nitakaa hapa kwa sababu Nairobi unaweza kuliruka hili, Mombasa huwezi. Hewa yetu ina maji na ina chumvi, na nyumba nyingi, hasa za Mji wa Kale na zile za zamani, kuta zake ni mawe ya matumbawe. Jiwe la matumbawe linanyonya maji kutoka chini kama kitambaa, maji yanapanda na chumvi yake, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki inaota na inaisukuma rangi nje. Ndio maana wazee walikuwa wanapaka chokaa na kurudia kupaka, chokaa inaacha ukuta upumue. Sisi tumekuja na simiti na rangi za plastiki tumeuziba, na maji hayana pa kutokea ila kupitia picha yako.

Dadangu alichorewa ukutani, mlango wa kuchonga na mnazi pembeni, kazi safi, watu walikuwa wanakuja kupiga selfi. Ilikuwa mwezi wa pili, kaskazi, ukuta mkavu. Mwezi wa tano masika ilipokaza, chini ya ule mlango kukaanza kuvimba vipele, ukivigusa vinapasuka vinatoa unga mweupe. Mwanawe mdogo akaulamba, akasema "mama, ya chumvi." Kufika Agosti mlango ulikuwa hauna kizingiti. Mchoraji hakukosea kuchora, ukuta haukupimwa, basi.

Kuupima ni rahisi na ni bure. Kata nailoni kama futi moja kwa moja, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne isiingie hewa, iache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, maji yanatoka ukutani, usichorewe hapo mpaka utibu chanzo. Yakiwa nje tu, hiyo ni hewa ya chumba, fungua madirisha. Na kama plasta ni mpya ya simiti, subiri siku 28 hivi ikauke sawasawa kabla mtu hajagusa brashi.

Usije ukafikiri picha ya ukutani haidumu kabisa. Nenda Fort Jesus uone zile picha ambazo Wareno walizichora ukutani, mameli na watu, za mkaa na udongo mwekundu, mpaka leo zaonekana. Lakini zile zinatunzwa na makumbusho, wewe una fundi wa rangi na paipu ya choo inayovuja upande wa pili.

Kanvasi inakuepushia mengi ya haya kwa sababu haijaushika ukuta. Adui wake yuko nyuma: ukiitundika ikagandana na ukuta, hewa haipiti, kuvu inaota kwa mgongo na wewe huoni mpaka unuse. Dawa yake ni vipande vinne vya ndara kuukuu, vidogo vidogo tu, unavigundisha kwenye pembe za nyuma za fremu na picha inakaa mbali na ukuta. Kwangu ziko ndara za bluu, hakuna mgeni anayejua. Usiitundike ukuta wa bafuni, usiitundike eisii inapopuliza, na usiitundike linapopiga jua la jioni, rangi zitachakaa, za maji ndizo za kwanza kufifia. Mbao za fremu waambie wazitie dawa ya mchwa.

Mchoraji atakuuliza mafuta au akriliki. Rangi ya mafuta ina kina, ina ule utamu wa kuangalia, lakini inakauka polepole na kwenye unyevu wetu inazidi kuwa ya polepole, na ikikaa gizani inaelekea kugeuka manjano. Akriliki inakauka haraka, haigeuki manjano hivyo, na kwa nyumba ya kawaida ya Bamburi au Tudor mie ningesema inatosha kabisa.

Picha iliyo tayari ina faida na hasara za kanvasi, ila hujui imechorwa kwa rangi gani wala ilikaa wapi. Geuza uangalie mgongo. Nusa. Kama ni ya aina ya Tingatinga jua asili yake, Edward Said Tingatinga alianza pale Dar mwaka 1968 akichora kwenye vibao vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, na kibao kama hicho waweza kukifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji kidogo bila kuogopa. Siku hizi nyingi ziko kwenye kitambaa, na muuzaji atakukunjia uondoke nayo. Mwambie akunje rangi ikiwa upande wa nje, si wa ndani, ikikunjwa ndani rangi inajibana na kupasuka.

Una usemi kiasi gani

Hapa kuagiza kunashinda, na hapahapa ndio kunauma.

Nilimwagizia babu, babake mama, picha ya jahazi. Alikuwa baharia wa vyombo vya Lamu ujana wake wote. Nikampa mchoraji picha mbili tatu za simu, nikamwambia nataka alfajiri, nataka tanga limejaa, akachora rangi ya mafuta, akaniletea, nikaona ni nzuri mpaka nikatokwa na machozi. Babu akavaa miwani, akakaa kimya muda, akauliza, "Upepo huu watoka wapi?" Sote kimya. "Tanga limejaa kuume, bendera yapepea kushoto. Chombo hiki kina pepo mbili?"

Na kweli. Mimi sikuona, mchoraji hakuona, mzee wa miaka themanini na kitu akaona kwa dakika moja. Mchoraji akaichukua akaifuta bendera kwa kuipaka mbingu juu yake, na leo jahazi halina bendera, na ukikaa kiti cha dirishani saa kumi jioni mwanga ukiwa wa ubavu unaona kijiraba kinang'aa tofauti na mbingu nyingine. Babu anakipenda hicho kijiraba kuliko jahazi lenyewe, ndicho anachowaonyesha wageni.

Sasa funzo la kikazi ni kwamba usemi wako unaisha pale rangi inapoanza. Lazima kuwe na mchoro wa penseli kwanza, na huo mchoro umwonyeshe mtu anayekijua kitu chenyewe, si rafiki yako anayekwambia "iko poa". Ukiagiza khati, yaani maandishi ya Kiarabu ya mapambo, aya ama dua, mpe msomi aisome herufi kwa herufi na nukta kwa nukta kabla brashi haijaguswa, manake nukta ikikosea si kosa la urembo hilo. Kubalianeni pia marekebisho ni mara ngapi. Na rangi usizihukumu kwa picha ya WhatsApp, simu inadanganya, nenda uione mchana kwa macho yako.

Kwenye ukuta usemi ni mwingi kupita kiasi. Unakaa hapo, mchoraji yuko hapo, shangazi kaja kusalimia naye ana maoni, jirani ana maoni, mara mnazi umeongezwa mashua, mara mashua imeongezwa mvuvi. Chagueni mtu mmoja wa kusema, wengine wanywe chai.

Iliyo tayari huna usemi wowote, na hiyo ndiyo raha yake. Unachokiona ndicho unachokibeba. Hakuna ile ya kufumba macho ukifunguliwa karatasi ukiomba Mungu. Kuna watu hawawezi kueleza wanachotaka lakini wakikiona wanakijua papo hapo, hao wasihangaike kuagiza, wataishia kumsumbua msanii wa watu.

Jambo la viumbe nalo. Nyumba zetu nyingi hawatundiki sura ya mtu wala mnyama, hasa chumba wanachoswalia. Ukiagiza ama ukichorewa unalimaliza hilo kwa sentensi moja, nataka milango, nataka bahari, nataka maua ya kuchonga, usiweke kiumbe. Kwenye zilizo tayari itabidi utafute sana, maana nyingi zinachorewa watalii, na mtalii anataka Mmasai na tembo.

Muda

Iliyo tayari ni leo. Ukutani ni siku kadhaa, ila hizo siku hamuishi, sofa katikati ya chumba imefunikwa shuka, watoto wanakanyaga rangi, mchoraji anataka chakula cha mchana na ni haki yake.

Kuagiza ndiko kurefu. Akriliki yenyewe inakauka kwa dakika ama saa, mafuta inachukua siku nyingi mpaka wiki mbili kuweza kuigusa tu, na vanishi ya mwisho kwa kawaida inangoja miezi 6 mpaka 12, kwa hivyo akikuletea picha ya mafuta mbichi na anasema ishapigwa vanishi muulize ni vanishi gani hiyo. Halafu kuna muda wa msanii, ambao hauko kwenye kalenda. Niliambiwa wiki tatu, nikapata mwezi wa tatu. Kama ni ya harusi mtajie tarehe ya wiki nne kabla ya harusi.

Pesa

Bei ya kuagiza inaenda na saizi, na ugumu, na jina la msanii. Kawaida ni arubuni kwanza, mara nyingi nusu, kwa sababu ananunua kanvasi na rangi kwa pesa hiyo, nyingine unamalizia ukipokea. Mie tulikubaliana 40,000, nikatuma 20,000 kwa M-Pesa, nikajiona nimemaliza hesabu, kumbe fremu haimo, ikaja 7,000 nyingine na usafiri juu. Uliza fremu mwanzo. Yaandike yote kwenye meseji moja: saizi kwa sentimita, rangi aina gani, marekebisho mangapi, fremu ipo ama haipo, tarehe, nani analeta. Meseji moja tu, si lazima wakili.

Kwa sababu saizi ndiyo bei, usiitaje kwa kukisia. Picha ya juu ya sofa inakaa vizuri ikiwa kama theluthi mbili za urefu wa sofa, sofa ya sentimita 210 inataka picha ya 140 hivi. Chukua leso, leso ni kama sentimita 150 kwa 110, itundike pale kwa vipini, ishi nayo siku tatu. Ikikuzidi unaikunja mpaka uridhike halafu unapima. Nimeona mtu kaagiza picha kubwa kwa fahari, ilipofika ikawa kama mlango wa pili.

Ukutani wanahesabu kwa mita ya mraba, na ukuta mrefu unahitaji mbao za kupandia, na matayarisho, kuparua, andakoti yaani rangi ya chini, hayo wengine wanayaweka nje ya bei. Ukigawanya kwa ukubwa, mara nyingi ndio unapata rangi nyingi zaidi kwa shilingi yako. Ukuta ukiharibika lakini umepoteza yote, huwezi hata kuuza.

Iliyo tayari unapatana. Maduka ya kando kando ya Fort Jesus na Ndia Kuu bei ya kwanza ni salamu tu, jibu salamu kwa upole. Kwenye maonyesho, ama ukimwendea msanii mwenyewe, punguza mkono wa kupatana, hapo ni yeye na kodi ya nyumba yake.

Siku ya kuhama

Fupi. Kanvasi inahama, ila ya 140 haiingii tuktuk, na ngazi za Mji wa Kale zinakunja kona ambazo hata godoro linalia, kwa hivyo pima ngazi kabla ya kuagiza. Picha ya ukutani haihami. Kama nyumba ni ya kupanga, landilodi atakubali kwa mdomo kisha siku ya kutoka anakata dipoziti ya rangi, kwa hivyo pata ruhusa ya maandishi. Na usidhani utachora ukuta wa nje kirahisi, kaunti ilishaagiza mwaka 2018 majengo ya mjini yawe meupe na bluu, uliza kwanza.

Picha ni mali ya nani

Hapa wengi wanashangaa. Kuna kitu chenyewe, kanvasi, na kuna hakimiliki, yaani haki ya kuitoa nakala, kuiweka kwenye fulana, kuiuza kama kadi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyoagizwa hakimiliki yake inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hivyo ukiagiza, iwe kanvasi ama ukuta, haki hiyo ni yako msiposema kitu, na msanii mjanja atataka iandikwe kwamba yeye anabaki na haki ya kuitumia, ambayo si vibaya. Picha iliyo tayari ni kinyume, umenunua kitu, hakimiliki imebaki kwa mchoraji, huwezi kuichapisha kwenye menyu ya hoteli yako. Na kwa zote tatu jina lake linabaki lake, usifute sahihi ati inaharibu kona.

Sasa wewe uko wapi?

Nyumba ya kupanga na hujui mwakani utakuwa Nyali ama Likoni: iliyo tayari, ama kanvasi ya wastani inayoingia kwenye gari la kawaida. Ukuta achana nao.

Nyumba yako mwenyewe, ukuta wa ndani, mkavu kwa kipimo cha nailoni, ukumbi mrefu ama chumba cha watoto: chorewa ukutani, hakuna kanvasi itakayokupa hiyo raha kwa bei hiyo. Chora msimu wa ukavu, na mwachie mchoraji akuwekee kikopo kidogo cha kila rangi kwa marekebisho.

Nyumba ya matumbawe ya zamani ambayo kila masika inatoa unga: kanvasi yenye ndara nyuma. Kama roho inataka ukuta tu, tafuta fundi anayejua chokaa kabla ya kutafuta mchoraji.

Harusi iko wiki mbili zijazo na unataka zawadi: iliyo tayari, nenda leo. Usimpigie msanii simu umlilie, atakubali kwa sababu anahitaji pesa na itakuja mbichi, bi harusi atashika rangi kwa hina zake.

Hujui unachotaka: zunguka. Alliance Française huwa na maonyesho, Swahilipot pale karibu na Fort Jesus kuna vijana wanachora, angalia kwanza bila kununua. Ukikuta umerudi mara mbili kwa mtu mmoja, huyo ndiye wa kumwagizia, hata kama picha uliyoipenda ishauzwa.

Na kama ni kumbukumbu, nyumba ya nyanya iliyovunjwa, mlango wa Lamu uliouzwa, chombo cha mzee, hiyo haipo dukani, itabidi uagize. Mchoro wa penseli ukiletwa, mpelekee mzee kabla ya rangi, na umpe miwani yake.